Sindano ya Tajiri

Tajiri alikataa katakata kutaka dume. Tajiri ni ng'ombe, msije mkadhani namsengenya mtu. Jina alipewa na mwenye nyumba siku alipomleta, kwa matumaini yake mwenyewe, na majirani wamelicheka tangu siku hiyo. Alizaa mara moja, ndama akakua akauzwa, na tangu hapo ng'ombe akanyamaza. Halii, hahangaiki, hatoi ute, anakula tu. Maziwa yakazidi kupungua, mwenye nyumba, ambaye kazi yake ni kuyauza mkahawa kwa mkahawa, akawa anazunguka na dumu lisilojaa na maneno mengi ya kuwatuliza wateja.

"Mbona kidogo hivi leo?" wanamuuliza.

"Ng'ombe kachoka."

"Kachoka na nini, huwa anakwenda kazini?"

Anacheka nao. Akirudi nyumbani hacheki. Analiweka dumu chini kwa kishindo, anakwenda kusimama mlangoni pa banda, anamtazama Tajiri kana kwamba wamekosana.

Nyumba ile ina watu watatu. Kuna yeye muuza maziwa, kuna mkewe anayeshona nguo barazani na kila mtu humwita Fundi, na kuna mama yake muuza maziwa, mjane, mwenye chumba chake karibu na jiko. Mtoto hakuna. Nalisema mapema kwa sababu lilikuwa jambo lililokaa nao mezani hata wasipolitaja.

Fundi alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka kabla hata hajaizoea, akalia, akanyamaza. Ya pili ndiyo iliyoharibu nyumba. Mama mkwe aliposikia habari alifurahi kupita kiasi, mguu na njia, akawaambia wenzake wa kikundi, akamwambia muuza mkaa, mpaka mtu wa kuleta maji akajua. Ilipotoka, pole zilikuja kutoka kwa watu ambao Fundi hakuwajua hata sura. Siku hiyo alimfuata mama mkwe jikoni akamwambia, "Mdomo wako ndio ulioniulia mtoto. Ukijua tena habari ya tumbo langu, nyamaza. Hata ukiulizwa na nani, nyamaza." Yule mama alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini taratibu, akatoka, na hakujibu hata neno moja.

Sasa ilikuwa mimba ya tatu. Fundi alikuwa hajamwambia yeyote, mumewe akiwa wa kwanza kutoambiwa, maana mumewe hana siri na mama yake. Aliamua tumbo lenyewe lije liseme siku likichoka kujificha. Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kujua. Alimwona akigeuza uso maziwa yalipochemka, akaona jinsi anavyoinuka kwenye cherehani, akishika magoti kwanza. Alijua, akafurahi peke yake chumbani, akauma ulimi.

*

Daktari wa mifugo alifika asubuhi na mkoba wake. Mtaani wanamwita Daktari Glovu kwa sababu ya ile glovu yake ndefu ya plastiki inayofika begani, na mwenyewe haoni ubaya. Alimsalimu mama mkwe kwa heshima, akamtania Fundi kidogo kuhusu suruali aliyomletea na bado haijashonwa, kisha akavua shati, akavaa glovu, akaupaka mkono sabuni.

"Nani anamshika kichwa?"

"Mke wangu," alisema muuza maziwa. "Huyu ng'ombe kwangu mimi ni mkorofi, kwake ametulia."

Fundi akashika kamba. Mama mkwe alikuwa kwenye hori, akipanga majani. Daktari aliingiza mkono nyuma ya ng'ombe polepole, akafumba macho, maana kazi ile inaonwa kwa vidole.

"Mimba hana," alisema. "Hilo kwanza niwe na hakika nalo. Sasa naitafuta ovari. Hii hapa. Humu, mzee, kuna vifuko vidogo vidogo, kila kifuko na yai lake. Vinaanza kukua vingi kwa pamoja. Halafu kimoja kinawatangulia wenzake, kinavimba, kinakuwa ndicho chenye yai la kutoka."

"Na vile vingine?" aliuliza Fundi.

"Vile vingine vinanyauka."

"Vinakwenda wapi?"

"Haviendi popote, dada. Vinanyauka humo humo. Wala ng'ombe mwenyewe hajui." Akageuza kiwiko, akatafuta zaidi. "Ahaa. Ndiyo maana. Hapa kuna uvimbe, mgumu kidogo, ule tunaoita wa manjano. Huu unabaki yai likishatoka. Unatoa homoni ya kuuambia mwili utulie, kuna mimba. Mimba isipokuwepo unatakiwa uondoke, mwili uanze upya. Wa huyu haukuondoka. Kila kifuko kikijitahidi kukua, unakizuia."

"Yaani ng'ombe wangu anadhani ana mimba?" Muuza maziwa alipiga kofi pajani. "Huyu! Ananilia majani yangu kwa mimba ya kujidhania!"

Alicheka peke yake. Fundi aliikaza kamba mkononi. Maneno yale ya daktari yalikuwa yamemwingia vibaya, akajiona kama naye anapapaswa ndani na mtu aliyefumba macho. Alitamani atoke bandani, lakini ng'ombe alikuwa wake wa kushika.

Daktari alivua glovu, akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo. Hakukifungua. Alikishika kwa vidole viwili, na sura yake ikawa ya mtu mwingine.

"Kabla sijafungua. Dawa hii ndiyo inayoubomoa ule uvimbe. Na mimba inaibomoa vilevile, ya ng'ombe hata ya mtu. Haihitaji kuchomwa, ikigusa ngozi tu inapenya. Kuna mwenye ujauzito hapa?"

Muuza maziwa aliangua kicheko. "Hapa? Daktari, nyumba hii hata ng'ombe amekataa!"

Fundi alicheka pia. Ndivyo tunavyofanya tukitukanwa mbele ya mgeni na mtu wetu wenyewe. Alicheka, akatazama chini, akangoja. Alijua akisema "mimi hapa," atakuwa ameitangaza mbele ya mama mkwe, mbele ya mume aliyetoka kumcheka, na mbele ya Daktari Glovu anayeingia kila boma. Alijiambia kamba iko kichwani na sindano inachomwa shingoni au pajani, mbali naye. Atasimama upande huu.

Mama mkwe naye aliinama juu ya hori. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akamtazama mkwewe, akaona amecheka, akaona hataki. Akakumbuka jikoni. *Hata ukiulizwa na nani.* Akachukua jani moja, akalipanga juu ya jingine.

"Basi vizuri," alisema daktari.

Alivuta dawa kwenye bomba la sindano, akapiga shingo ya ng'ombe kwa kiganja, akachoma. Tajiri, ambaye kwa Fundi ametulia, siku hiyo hakutulia. Alirusha kichwa, sindano ikachomoka, bomba likajibonyeza mkononi mwa daktari, na dawa ikaruka ikamwagikia Fundi kiganjani na kwenye vidole, vile vidole vya mshonaji vilivyojaa matundu ya sindano za kila siku.

"Nawa!" daktari alimaka. "Nawa, dada, haraka, kwa sabuni!"

"Mshike kwanza!" muuza maziwa naye alipiga kelele. "Atatoka huyu! Mshike, usimwachie!"

Sauti mbili, na Fundi akaisikia ya mumewe. Alimshika. Daktari alivuta dawa nyingine kwa haraka, akachoma tena, safari hii ikaingia yote. Ndipo Fundi alipoiacha kamba, akaenda kwenye ndoo, akanawa. Alinawa, akapaka sabuni, akanawa tena. Mama mkwe alikuwa amefika pale na jagi la maji, akimmiminia bila kusemeshwa.

*

Daktari alipokuwa akiondoka, Fundi alimfuata mpaka getini kwa kisingizio cha kumkumbusha ile suruali.

"Daktari. Ile dawa. Kwa mfano, ingemwagikia mtu mwenye mimba changa. Kwa mfano tu."

Daktari alisimama. Alimtazama usoni, kisha mkononi. "Dada, una la kuniambia?"

Muuza maziwa alikuwa anakuja nyuma yao na dumu tupu, akipiga mluzi, maana alikuwa amepata matumaini.

"Nauliza tu," alisema Fundi.

"Kama ni mfano, basi huo mfano uende hospitali leo. Usingoje kesho." Akashusha sauti. "Na huenda kusiwe na neno. Huenda ilikuwa kidogo. Mimi ni daktari wa ng'ombe, siwezi kukudanganya."

"Mnanong'ona nini?" aliuliza muuza maziwa.

"Suruali," walisema wote wawili.

Hakwenda hospitali siku ile. Kwenda kulitaka sababu, na sababu ndiyo hiyo hiyo asiyoweza kuitoa. Alimwambia mumewe kichwa kinamwuma, pengine angepita zahanati. Mume akamwambia anywe maji alale, kwani sasa kazi ni moja, kumchungulia Tajiri. Daktari kasema joto, ile hamu ya dume, litakuja baada ya siku chache, na likija likipita bila kuonwa, tumekwisha. "Mimi niko barabarani na maziwa. Macho ni yako."

Mchana mama mkwe alikuja barazani. Alisimama karibu na cherehani, akashika nguo iliyokuwa inashonwa, akaiachia.

"Nenda," alisema. "Ng'ombe nitamwangalia mimi."

"Niende wapi, mama?"

"Popote unapotaka kwenda."

Fundi alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Wakatazamana. Hapo, jamani, ndipo mtu angetamani awatikise wote wawili kwa mabega. Neno moja lingetosha, na kila mmoja alikuwa nalo. Lakini Fundi alisikia katika sauti ile mtego, akadhani anapimwa ili aseme, na jioni kikundi kizima kijue.

"Sina pa kwenda," alisema, akakanyaga cherehani.

*

Zikaanza siku za kuchungulia. Fundi alikwenda bandani asubuhi, mchana na jioni kutazama kama kuna ute kwenye mkia wa Tajiri, kama anahangaika, kama analia. Akitoka bandani alikwenda chooni, akajitazama yeye. Muuza maziwa akirudi anauliza, "Bado?" naye anajibu, "Bado," na neno hilo moja lilikuwa na kazi mbili kinywani mwake. Lile ambalo mume alilisikitikia, yeye alilishukuru.

Mkono ule aliuogopa. Aliuosha mpaka ngozi ikakauka ikapasuka, na bado pua yake ilisikia harufu ambayo wengine hawakuisikia. Akaacha kutia chumvi kwa mkono ule. Akawa anakula kwa kijiko. Akilala anauweka nje ya shuka, mbali na tumbo, na mume akiugusa bahati mbaya anaurudisha upesi. Alishona kwa shida, mishono ikaenda kombo, mteja mmoja akamrudishia gauni akisema, "Fundi, siku hizi una mawazo gani?" Akaomba radhi, akalifumua.

Na vile vifuko havikumtoka. Akikaa kimya vinakuja. Vingi vimeanza pamoja, kimoja kimetangulia, vingine vinanyauka humo humo wala mwenyewe hajui. Alijiuliza wale wawili wake wa kwanza walikuwa wapi, kama kweli walitoka au wamo bado, wamekauka mahali, wakimsikiliza huyu wa tatu akikua. Alijua ni upuuzi. Aliujua upuuzi huo kwa jina na bado ulimkalia kifuani. Siku moja akiwa bandani alimwambia ng'ombe kwa sauti, "Wewe usipate joto. Tafadhali. Kaa hivyo hivyo." Alikuwa ameshaamini kwamba ile dawa ni moja, ikifanya kazi kwa Tajiri itakuwa imefanya kazi na kwake.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya banda, amebeba majani. Alisikia. Alisimama pale mpaka Fundi akatoka, ndipo akaingia, akamwaga majani chini badala ya kwenye hori. Kila alipomwona mkwewe akila kwa kijiko, aliisukuma sahani yake mwenyewe kando. Alikuwa mwanamke wa maneno maisha yake yote, na sasa alitembea na neno moja tumboni kama mtu aliyemeza jiwe.

*

Tajiri alilia asubuhi. Kilikuwa kilio kirefu cha kuita, kilichoamsha mbwa wa jirani. Muuza maziwa alitoka mbio kifua wazi, akaingia bandani, akauona ute umening'inia kwenye mkia, safi, unang'aa. Akaruka kama mtoto.

"Joto! Joto hilo! Mke wangu, njoo! Limekuja!"

Fundi alikuwa chooni. Alisikia kilio, akasikia kelele za mume, akatazama nguo yake ya ndani. Damu ilikuwa imekuja. Ilikuwa kidogo, lakini alikuwa ameshawahi kuiona damu hiyo mara mbili na aliijua kama unavyojua sauti ya mtu.

"Fundi! Nampigia daktari alete mbegu sasa hivi! Njoo umshike huyu, anavunja banda!"

Alikwenda. Msiniulize kwa nini. Miguu yake ilizoea kuitwa ikaenda. Alifika bandani amejikunja kidogo, akainua mkono kuishika kamba, na mama mkwe akaiwahi yeye.

"Toka," alisema yule mama. "Mimi nitamshika."

"Mama, wewe humuwezi," alisema muuza maziwa, simu sikioni. "Mwachie yeye."

"Nimesema nitamshika mimi! Yeye mpeleke hospitali."

"Hospitali? Ana nini?"

"Mimba inamtoka."

Muuza maziwa aliteremsha simu. Sauti ya Daktari Glovu ilisikika ndani yake ikisema haloo, haloo. "Mimba gani?" aliuliza. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akamtazama ng'ombe, na utani wake wa siku ile ukamrudia neno kwa neno mpaka akashika nguzo ya banda. "Mimba gani, jamani?"

*

Hospitali haikuchukua muda, mimba ilikuwa imekwisha kutoka. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyeuliza maswali yake huku akiwa amemshika Fundi bega. Fundi alimweleza habari ya dawa, kichupa, ng'ombe, vidole. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho.

"Inaweza kuwa hiyo," alisema. "Ulipaswa kuja siku ileile. Na inaweza isiwe hiyo. Wewe umeshapoteza mbili bila dawa yoyote. Ukitaka nikuambie kwa hakika, mwanangu, sina hakika ya kukupa."

Hilo ndilo lililomvunja Fundi. Kama angeambiwa ni dawa, angelia, akamlaani mtu, akajilaani. Kama angeambiwa siyo, angelia, akapumzika. Alirudi nyumbani hana hata la kulilia. Muuza maziwa alikaa kitandani kando yake akamwuliza mara moja tu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia mama."

Alifungua kinywa akanushe, akakifunga. Kisha akauliza, "Na nilipocheka pale, kwa daktari?"

"Nilicheka na mimi," alisema Fundi, akageukia ukuta.

*

Tajiri alinasa. Daktari Glovu alikuja baadaye, akavaa glovu, akafumba macho, akasema mimba ipo na imekaa vizuri. Alisema taratibu, bila mzaha wowote, akitazama ukuta wa banda. Alipakia mkoba wake na kuaga kila mtu kwa mkono isipokuwa Fundi, ambaye kwake alishindwa, akamwinamia kichwa tu. Muuza maziwa alimsindikiza njiani. Hakupiga mluzi.

Wanawake wawili wakabaki bandani na ng'ombe. Fundi alichukua ufagio, akafagia mahali ambapo palikuwa safi. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Ulijua."

"Nilijua," alisema mama mkwe.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoyakimbia maziwa jikoni."

"Kwa hiyo daktari alipouliza ulikuwa unajua. Umesimama hapo. Hapo hapo ulipo."

"Ndiyo."

Fundi aliuegemeza ufagio ukutani. "Miaka yote nimekaa nyumba hii, mama, hujawahi kunisikiliza. Nikisema usiguse cherehani, unaigusa. Nikisema usiwaambie watu, unawaambia. Ukaja kunisikiliza siku hiyo? Siku hiyo moja?"

Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyouma. Mama mkwe alikaa ukingoni mwa hori, mikono magotini. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ile nyingine nilisema, ikatoka," alisema. "Ukaniambia mdomo wangu umeua. Sikukujibu kwa sababu nilikuamini. Nimelala na neno hilo kila siku. Safari hii nikanyamaza, nikajiambia huyu nitamwokoa kwa kunyamaza. Nayo ikatoka." Alimtazama mkwewe. "Nikisema naua, nikinyamaza naua. Sasa niambie wewe, mwanangu, mdomo huu niufanye nini?"

Fundi alitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu, maana swali lilikuwa la kweli na hakuna mwingine aliyepaswa kulijibu, na ilimjia kwamba lile neno la jikoni alilisema kwa uchungu wa siku moja tu, na mwenzake alikuwa amelibeba muda wote huo. Alikwenda akakaa upande wa pili wa hori. Ng'ombe alishusha kichwa katikati yao akaendelea kula.